Safu ya Pili ya Meno

Perlita alikuwa amezuia pumzi. Chini ya hadubini, katika kisahani chenye tone la gliserini, ncha ya tumbo la mdudu dume ilikuwa imelala ubavu, laini na angavu baada ya kulowa nusu saa kwenye magadi makali ya moto. Alikuwa na sindano mbili alizozinoa mwenyewe kwenye jiwe. Ya kushoto ilishika, ya kulia ilivuta, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto mchanga soksi bila kumwamsha. Kilichotoka humo kilikuwa kidogo kuliko punje ya chumvi. Kilikuwa kiungo cha uzazi cha dume, na juu yake kibamba kigumu cha rangi ya asali, chenye meno.

Aliyahesabu. Akapumua pembeni, mbali na kisahani, akayahesabu tena.

Yalikuwa safu mbili.

Aliinuka akaenda kwenye bomba, akanywa maji kwa kiganja, akarudi akaketi. Hakuwa mtu wa pupa. Alianza kazi katika maabara ile akiwa mfagiaji na mwosha vioo, akajifunza kupasua wadudu kwa kuchungulia mabegani mwa wenzake na kusoma usiku vitabu walivyoviacha mezani. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huzoea kujitilia shaka. Kwa hiyo alihesabu mara ya tatu, safari hii akichora kila jino kwa penseli alivyoliona. Mchoro nao ukamwonyesha safu mbili.

Mdudu mwenyewe, ukimtazama kwa macho matupu, ungemdhania mbu. Ana miguu mirefu na kiuno chembamba, na mgongoni ana kitu kama pini iliyochomekwa, na kichwa chake juu. Wakulima wa pande za Calinan humwita mbu wa kakao, ingawa hana haja na damu ya mtu. Ni kunguni wa mimea. Hunyonya matunda machanga mpaka yakajaa madoa meusi, na mengine yakakauka yangali mtini. Ni mwenyeji. Alikuwa akiishi kwenye miti ya porini chini ya mlima Apo kabla kakao haijafika. Kakao ikaletwa, akaionja, akaipenda. Watu wamezoea kuishi naye. Huwaachia maji moto, wale siafu wa juu ya miti, wamkimbize, na mwaka hupita.

Lakini mwaka huu madoa yalizidi. Ndiyo maana Perlita alitumwa vijijini na shuka jeupe na fimbo, agonge matawi na kukusanya wanaoanguka. Alianzia kijijini kwao, Tagbaras, kwa kuwa alizijua njia. Madume kumi na moja. Kila mmoja alikatwa mguu mmoja kwa ajili ya vinasaba, na tumbo lake likabaki kwa ajili ya sindano za Perlita. Dume wa kwetu ana meno saba au manane, yote katika safu moja. Kwenye kabati nyuma yake walikuwamo mia mbili wa namna hiyo, waliokusanywa kwa miaka sitini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na safu ya pili.

Na huyu hakuwa wa kwanza leo. Kisahani namba mbili nacho kilikuwa hivyo hivyo, asubuhi, akajiambia ni mwanga.

Alisoma kibandiko, ingawa alijua kimeandikwaje. Kumi na nne. Ulikuwa mti ulio nyuma ya jiko la mama yake. Yule wa asubuhi alitoka mti wa tisa, kwa jirani Oping, upande wa pili wa ua.

Miti yote miwili ilikuwa imebebeshwa vikonyo, vijiti vya kupandikiza, vilivyokuja ndani ya sufuria ya umeme.

Vidole vyake vilikuwa baridi. Aliviweka kwapani, akabaki ameketi hivyo, amejikumbatia.

*

"Mama wadudu! Bado hujawamaliza kuwavua suruali hao wanaume?"

Ni Teofilo, mtu wa vinasaba, aliyefungua mlango kwa kiwiko. Mkono mmoja alishika karatasi, mwingine mfuko wa ndizi za kukaanga. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na hakuna aliyewahi kumwona akiingia chumbani kimya.

"Wanne nimewavua," Perlita alisema. "Saba wamebaki."

"Hawaoni haya?"

"Hawaoni. Nilidhani zamu ya kuona haya ni yako."

Teofilo alicheka, akaweka ndizi mbali na visahani kama alivyofundishwa kwa kukaripiwa. "Haya, sikiliza. Majibu ya Manila yamekuja. Miguu sita ya kwanza. Herufi mia sita na hamsini kila mguu, nimezipanga moja chini ya nyingine mpaka macho yakatoka machozi. Minne ni hawa hawa wa kwenye kabati lako, mapacha kabisa. Miwili..." Akaminya midomo. "Miwili ni watu wengine, Dada."

"Wengine kiasi gani?"

"Kwenye kila herufi mia, nane hazilingani. Ndugu hupishana moja, mbili. Nane? Hao hata kwenye harusi wasingekaa meza moja."

"Ni ipi hiyo miwili?"

"Hapo sasa! Vichupa vyangu vina alama zangu tu. Ni C na E. Orodha ya miti iko kwenye daftari lako." Akanyoosha mkono. "Lete."

Perlita alijikuta ameweka kiganja juu ya daftari.

"Sijalinakili vizuri," alisema. "Mwandiko wa shambani. Nitakupa jioni."

Miaka kumi na tisa alikuwa hajasema uwongo ndani ya chumba kile. Ulitoka laini, kama uliokuwa unasubiri tu kuitwa. Teofilo hakushtuka. Mwandiko mbaya wa Perlita lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulisikia, lakini ndizi zilikuwa za moto na yeye alikuwa na njaa.

"Si neno. Ila Dokta anakuja saa kumi na moja," alisema huku akitafuna. "Na unamjua. Akisikia mgeni, hafichi. Na agizo ni lile lile la Bagong-ani. Nusu kilomita kila upande, kata, choma."

"Najua."

"Halafu watamtafuta aliyemleta. Maana huyu mdudu haruki zaidi ya uwanja wa mpira. Hakuogelea kutoka ng'ambo. Kuna mtu kampakata." Alifuta vidole kwenye suruali. "Masikini wee, sijui ni nani. Mimi ningehama na jina nikabadili."

Alitoka akipiga mluzi. Perlita alisikiliza mluzi ule mpaka mwisho wa ujia.

*

Ya kijijini Bagong-ani Perlita aliyaona kwa macho yake, miaka mitatu iliyopita. Ugonjwa uliingia na miche aliyoinunua mtu mmoja, Lope, kwa nia njema kabisa, akauza mingine kwa wenzake. Misumeno ilinguruma siku tatu. Moshi wa kakao mbichi una utamu unaokera, ukakaa kwenye nguo za watu wiki nzima. Baada ya hapo hakuna aliyempiga Lope wala kumtukana. Walimwaga tu maji ya kuoshea samaki kwenye ngazi yake, kila asubuhi, bila kusema neno. Na mama yake alipofariki, jeneza likawekwa sebuleni siku saba kama desturi, taa zikawashwa, meza za karata zikapangwa uani, kahawa ikachemshwa. Hakuja mtu. Lope alikesha peke yake na kahawa ya watu hamsini.

Perlita alilifikiria hilo zaidi kuliko jela. Mama yake, Solidad, alikuwa na miaka sabini na sita. Hakuwahi kukosa mkesha wa mtu.

Na sasa vikonyo. Mwezi wa tatu mwaka jana, mdogo wake Nonoy alirudi kutoka Sabah, ng'ambo ya bahari, baada ya miaka mitano ya kuvuna na kubebesha kakao katika mashamba ya watu. Mtu harudi mikono mitupu, afadhali asirudi. Alimletea kila mmoja kitu chake: Perlita saa, watoto wa majirani peremende, mama sufuria mpya ya umeme ya kupikia wali. Mama alipofunua mfuniko akapiga kelele ya furaha. Ndani, vimefungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa na ganda la mgomba, vilijaa vikonyo vya kakao inayozaa mara mbili ya yao. Nonoy alikuwa amevipitisha melini, mbele ya askari, ndani ya sufuria ile. Alisimulia namna askari alivyoigonga sufuria na kuuliza bei. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Perlita naye alicheka. Yeye, mtu wa maabara, alishika kisu na kuchonga vikonyo vile, akavifunga kimoja kimoja kwenye matawi ya mama yake kwa utepe wa plastiki, mchana kutwa, akiimba.

Hakuvitazama kwa lenzi. Ilikuwa zawadi. Nani hukagua zawadi?

*

Saa tisa alipiga simu.

"Dada!" Sauti ya Nonoy ilikuwa na kitu mdomoni. "Mama kachemsha chokoleti, anasema ungekuwa hapa ungekwangua chungu."

"Nonoy, toka nje. Nenda mahali wasipokusikia."

"He! Umepata mchumba?"

"Nenda nyuma ya banda la kuku."

Alisikia ndara zikiburuzwa, kisha kuku wakilalamika. "Haya. Nimefika. Jogoo ndiye shahidi."

"Vile vikonyo vya Sabah. Vilikuwa vingapi?"

"Vya kwenye sufuria? Sitini. Sabini hivi. Nilishindilia mpaka mfuniko ukakataa. Kwa nini, unataka vingine? Naweza kumwambia jamaa yangu..."

"Usimwambie mtu. Kumbuka siku ulipovikata. Vilikuwaje?"

"Vibichi. Vinene kama kidole. Nilichagua vizuri, Dada, miye si mgeni wa kazi hiyo."

"Kwenye gamba. Kulikuwa na kitu?"

Nonoy alifikiri. Alisikika akitema kitu. "Vinywele tu."

"Vinywele gani?"

"Vyeupe. Viwili viwili, vimechomoza kama masharubu ya panya. Hapa viwili, pale viwili. Nilidhani ni ukungu wa karatasi nikavipangusa kwa kidole. Kwani vipi?"

Perlita aliutafuta ukingo wa meza akaushika. Kunguni huyu hatagi juu ya jani kama wengine. Hutoboa kitawi kichanga akalilaza yai ndani ya nyama yake, lisionekane. Nje huacha nyuzi mbili nyeupe tu, fupi kuliko kope, ambazo kwazo yai huvuta hewa. Ukizipangusa umeondoa nyuzi mbili tatu. Mayai yapo pale pale, na wewe unayafunga mtini kwa utepe, vizuri, yasikauke.

Akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache.

"Watanifunga?" Nonoy aliuliza.

"Sijui."

"Si nilisema kwa wote, mezani, namna nilivyowapita askari. Kijiji kizima kinaijua hadithi ile. Watoto wanaigiza!" Sauti yake ilikuwa imepanda, imekuwa ya mvulana. "Dada. Si wewe ndiye unayewaangalia hao wadudu? Peke yako?"

"Ndiyo."

"Basi andika ni wa kwetu. Nani atakubishia? Nani mwingine anaweza kuona hayo meno?"

"Nonoy."

"Mkumbuke Lope. Mimi siombi kwa ajili yangu, nifungwe tu. Lakini mama... Unataka mama alale sebuleni siku saba na padri peke yake?"

"Rudi ndani," Perlita alisema. "Unywe chokoleti yako. Usimwambie kitu."

"Utafanyaje?"

"Sijamaliza kuhesabu."

*

Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Alirudi kwenye hadubini, lakini jicho halikutulia. Kila alipoliweka kwenye kioo aliona mapigo yake mwenyewe, picha ikiruka kidogo, ikitulia, ikiruka.

Kisahani kingeweza kumwagika. Jambo hilo hutokea. Lilishampata mara mbili kwa miaka yote hiyo. Lakini meno pekee hayakuwa ushahidi wote. Kulikuwa na C na E, herufi mia sita na hamsini kila mmoja, na herufi zile hazikujua mama ya mtu. Zingebaki hata akivunja visahani vyote.

Ila orodha ilikuwa yake.

Hilo lilimjia polepole, na lilipofika lilikaa karibu naye kama mtu. C ulikuwa mguu wa mdudu wa mti wa tisa, E wa mti wa kumi na nne. Kwenye daftari tu. Angeweza kuandika kwamba C ilitoka mti wa tatu na E mti wa tano. Ilikuwa miti ya bondeni, kando ya mto, kilomita mbili kutoka kwa mama yake. Wenye shamba walikuwa wazee wawili ambao hakuwa na udugu nao. Walimpa maji ya dafu siku ile ya kukusanya. Majina yao hata hayakumkaa akilini.

Alichukua penseli. Kwenye karatasi safi, kwa ajili ya Teofilo, aliandika: C, mti wa 3.

Akautazama mwandiko. Kilichomtisha ni kwamba ulikuwa mzuri. Herufi zilisimama wima, kila moja mahali pake, kama zile za vibandiko alivyoviandika maisha yake yote, na mtu yeyote angeziamini, hata yeye mwenyewe baada ya mwaka mmoja. Na misumeno ingekwenda mtoni ikawanyoe wazee wale. Mdudu angebaki Tagbaras nyuma ya jiko la mama, akitaga, nyuzi mbili mbili, na kuhama mti hadi mti, mpaka mashamba yote mpaka mlimani yawe meusi.

Alifuta kwa kifutio. Alifuta mpaka karatasi ikasagika, na bado alama ya penseli ilionekana kama kovu ukiigeuzia dirishani.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

*

Dokta Sumampong alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na watu walimwogopa kwa sababu hakuwahi kuipandisha. Alivua viatu mlangoni, akavaa ndara za maabara, akaketi kwenye kiti cha Perlita bila kuuliza na kuinamia hadubini.

Alikaa muda mrefu. Perlita alisimama nyuma yake akisikiliza saa ya ukutani.

"Safu mbili," Dokta alisema.

"Ndiyo, Dokta."

"Na cha asubuhi?"

"Mbili pia."

"Umehesabu mara tatu." Halikuwa swali. Akainua kichwa. "Teofilo amenionyesha herufi zake. Nimezitafuta kwenye hazina zote za vinasaba tunazoweza kuzifungua. Hazimo. Meno ya namna hii nimeyaona kwenye mchoro wa zamani wa wadudu wa ng'ambo, lakini mchoro tu hauthibitishi kitu. Kwa hiyo siwezi kuandika huyu ni nani. Naweza tu kuandika kwamba si wa kwetu." Akasugua macho. "Na 'si wa kwetu' peke yake inatosha kwa misumeno."

"Watachora duara?"

"Nusu kilomita kutoka kila mti uliokutwa naye. Nipe namba za miti nikuambie ni nani wamo ndani."

Perlita aliliacha daftari limefungwa. "Kama tungejua alikotoka," alisema, "ingebadilisha kitu?"

Dokta aligeuka kwenye kiti akamtazama.

"Tungeomba wadudu wa huko tukawalinganisha, mguu kwa mguu, jino kwa jino. Tungempa jina lake. Na kama tungejua aliingia lini na kwa njia gani, tungemfuata alikopita, mti kwa mti. Duara ni la mtu asiyejua. Ukijua, hukati kijiji, unakata miti iliyopokea." Akavuta kiti karibu. "Kwa nini, Perlita?"

Kupitia dirishani, uani, dereva alikuwa akiosha gari, akiimba vibaya. Perlita alimsikiliza hadi mwisho wa ubeti. Alijua kwamba bado palikuwa na nafasi ya kusema hakuna kitu, anauliza tu. Nafasi ile ilikuwa mbele yake wazi kama mlango.

"Alikuja ndani ya sufuria ya kupikia wali," alisema.

Dokta hakucheka. Perlita akasema yote akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele kama mtoto anayekariri darasani. Alimtaja Nonoy, akaitaja meli, magazeti, vinywele vyeupe, kisu chake mwenyewe na utepe wa plastiki. Mti wa tisa na wa kumi na nne. Kisha akachukua ile karatasi iliyosagika akaiweka mezani, akaigeuzia dirishani ili alama ionekane.

"Na hii niliiandika nusu saa iliyopita," alisema. "Nikaifuta."

Dokta aliisoma. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake, na Perlita hakujua ile ilikuwa huruma au ushahidi.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Ndugu yako?"

"Tangu saa tisa."

"Sikiliza," Dokta alisema. "Sitakudanganya. Agizo si langu peke yangu. Nikiandika leo kwamba tunafuatilia vikonyo, huenda wakanipa siku tatu. Zikiisha, watachora duara. Kuhusu ndugu yako, sheria ipo, siwezi kuikalia. Naweza tu kuandika kwamba alisema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Kwa hiyo aseme mwenyewe, kabla hajaulizwa."

"Nitamwambia."

"Hao saba waliobaki, utawapasua wewe, lakini Teofilo atahesabu meno nyuma yako, na mimi nyuma ya Teofilo."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Na nataka jina la kila mtu aliyepewa kikonyo. Kila mtu, Perlita. Tukimkosa mmoja, hizi siku tatu hazina maana, na miti yote tutakayokuwa tumekata tumeikata bure." Aliinuka. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi gari litakuwa mlangoni. Tutaanzia kwa mama yako. Ni afadhali anione mimi nikiwa na wewe."

*

Alipobaki peke yake alivifunika visahani saba kwa vioo vyao na kwenye kila kimoja akabandika neno bado, na tarehe ya kesho. Kisha akafungua ukurasa mpya wa daftari na kumpigia mama.

"Inday!" Hivyo ndivyo mama alivyomwita tangu akiwa mchanga. "Nonoy amekuwaje? Kaacha chokoleti kikombeni, kajifungia. Mmegombana?"

"Hatujagombana, Mama. Nina swali. Vile vikonyo vya Sabah, uliwagawia nani?"

"Ah!" Mama alicheka, na Perlita alimsikia akivuta kiti aketi vizuri. "Nilijua siku moja utauliza. Nonoy alisema nimevitawanya kama mchele wa kuku. Sasa nivile peke yangu? Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Oping, wa kwanza, yeye nilimpa vinne. Berting wa darajani. Mwalimu yule mwenye mguu mbaya. Wanawake wa kwaya, wote, kila mmoja viwili, andika kwaya..."

"Niambie mmoja mmoja, Mama."

Akawataja mmoja mmoja, na kila jina lilikuja na habari yake: nani alilia kwa furaha, vya nani vimeshatoa maua, nani alimletea jimbi kwa kushukuru. Ukurasa ulijaa. Perlita aligeuza. Alikuwa akiandika haraka na mgongo wake ulikuwa umelowa jasho, na mama aliendelea, sauti yake ikizidi kuchangamka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba aorodheshe wema wake.

"Na yule wa lori," mama alisema.

"Wa lori gani?"

"Wa ndizi. Lori lilichemka hapa barabarani, akaja kuomba maji. Mtu mstaarabu! Akaitazama miti, akaisifu. Nikampa vilivyobaki vyote. Kumi na kitu."

Penseli ilisimama. "Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza, mwanangu. Mtu kaomba maji, unaanza kumhoji?"

"Anatoka wapi?"

"Alisema upande wa pili wa mlima. Ana shamba, na baba yake anaumwa." Mama alifikiri. "Alikuwa na kofia."

Upande wa pili wa mlima ni mikoa miwili. Perlita aliandika, mtu wa lori la ndizi, na mbele yake hakuwa na la kuandika. Nje dereva alikuwa ameacha kuimba, na ndoo yake ilisikika ikiburuzwa uani.

"Inday? Upo?"

"Nipo, Mama. Kuna mwingine?"

"Wapo, wapo. Wengine siwakumbuki nikiwa nimechoka," mama alisema. "Njoo kesho, tutawakumbuka pamoja."

"Nitakuja asubuhi," Perlita alisema. "Mapema. Nitakuja na mgeni."

"Basi nitachemsha chokoleti ya kutosha," mama alisema, akakata simu.

Daftari aliliacha wazi kwenye ukurasa wa pili, penseli juu yake, akazima taa ya hadubini.